Shule za Habari Zimegeuzwa Viwanda vya Vyeti



Wiki iliyopita kwenye kikao cha tawi letu, kijana mmoja mgeni alisimama akauliza: "Hivi tunajuaje kwamba vyombo vya habari vinatubania? Kuna mtu amehesabu, au tunaona tu?" Watu wakacheka. Kila mtu anajua tunabaniwa, sasa swali la nini? Mimi sikucheka. Swali hilo hilo liliwahi kunigharimu muhula mzima wa chuo.

Nilisomea mawasiliano ya umma. Chuo sitakitaja, na mwalimu wangu sitamtaja, maana sitaki kumponza mtu. Mwaka wa mwisho nilichagua mada ya utafiti iliyokuwa rahisi kabisa: kuhesabu muda ambao kila chama kinapewa kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Nikaanza na majaribio. Kwa siku 14 nilikuwa naiweka simu mbele ya redio, narekodi, halafu usiku wa manane nachora mistari kwenye daftari: habari ya nani, sekunde ngapi, nani amehojiwa, upande wa pili umepewa nafasi au haukupewa.

Nilipompelekea msimamizi wangu, alisoma kurasa zote akaitikia kwa kichwa. Kisha akainuka, akafunga mlango wa ofisi. Akaniambia, "Mwanangu, kazi ni nzuri. Lakini hii utaniponza, na wewe mwenyewe hutahitimu. Tafuta kitu kingine." Nikabadilisha. Nikaandika kuhusu matangazo ya sabuni. Nilipata alama nzuri tu, na tasnifu ile nadhani mpaka leo hakuna aliyeifungua.

Miaka mingi nilimwona yule mzee kuwa mwoga. Siku hizi simwoni hivyo. Alikuwa na watoto wanaosoma, alikuwa na mkataba, na alikuwa anazijua sheria kuliko mimi. Hebu tuziangalie hizo sheria, tuache kulaumu watu binafsi.

Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Takwimu. Septemba 2018 ikafanyiwa marekebisho: kutoa takwimu zinazopingana na za serikali likawa kosa, adhabu yake faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Kipengele hicho kililegezwa mwaka 2019 baada ya kelele nyingi, ikiwemo ya Benki ya Dunia. Lakini jiulize, mhadhiri wa kawaida mwenye mshahara wa kawaida alijifunza nini katika miezi hiyo? Alijifunza kwamba kuhesabu ni hatari. Sheria unaweza kuirekebisha Bungeni kwa siku moja, ila woga haurekebishwi hivyo.

Mwaka huo huo wa 2018, mwezi Julai, Twaweza walitoa matokeo ya Sauti za Wananchi. Wananchi waliosema wanaridhika na utendaji wa Rais walikuwa asilimia 96 mwaka 2016, wakawa 71 mwaka 2017, wakashuka hadi 55 mwaka 2018. Siku chache baadaye Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ikawaandikia barua kuhoji kibali cha utafiti. Mkurugenzi wao, Aidan Eyakuze, akanyang'anywa pasi ya kusafiria. Taasisi yenye jina, yenye wanasheria na yenye marafiki nje ya nchi ilifanyiwa hivyo. Mwanafunzi mwenye simu na daftari angefanywaje?

Sasa njoo kwenye shule zenyewe. Nchi hii haikosi mahali pa kufundishia habari. Nyegezi kule Mwanza walianza zamani, na leo pale ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Dar es Salaam tulikuwa na Chuo cha Uandishi wa Habari, TSJ, kilichoanza mwaka 1975 na kikaunganishwa na Mlimani mwaka 2003. Hapo ndipo ilipotoka Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma, yenye wahadhiri wake, na redio na televisheni ya Mlimani ambako wanafunzi wanajifunzia kazi. Walimu wazuri wapo. Vichwa vipo.

Na serikali inazihitaji sana shule hizi, ila kwa jambo moja tu. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 na kanuni zake za 2017 zinasema ili utambuliwe kuwa mwandishi wa habari lazima uwe na angalau stashahada. Kwa hiyo shule ya habari imefanywa geti. Ukipita unapewa cheti, ukiwa na cheti unapewa kitambulisho, na aliyekupa kitambulisho anaweza kukunyang'anya. Hapo shule ni muhimu kweli kweli! Lakini shule hiyo hiyo ikitaka kujua nani anamiliki vyombo vya habari, nani anapewa matangazo ya serikali, au chama gani kinapewa dakika ngapi, ghafla inaulizwa: kibali kiko wapi?

Simaanishi kwamba hakuna kinachofanyika. Shule Kuu ya Mlimani imeshirikiana na Baraza la Habari Tanzania kupima ubora wa habari zetu, kwa msaada wa Uswisi. Ni kazi nzuri mno, na matokeo yake yanauma: habari nyingi zina chanzo kimoja tu, na chache ndizo zinazoeleza sababu au historia ya jambo. Nawapa heko. Ila angalia kazi hiyo inasimama kwa fedha za nani. Umoja wa Afrika uliweka lengo la kila nchi kutenga angalau asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Mfadhili ana vipaumbele vyake na siku yake ya kuondoka. Akiondoka, nani ataendelea kuhesabu?

Wenzetu wamefikaje? Pale Oxford, Uingereza, Taasisi ya Reuters ilianzishwa mwaka 2006, na tangu 2012 inatoa kila mwaka ripoti ya jinsi watu wanavyopata habari mtandaoni. Kenya imo, Nigeria imo, Afrika Kusini imo. Sisi hatumo. Chuo Kikuu cha Wits, Johannesburg, kina ripoti yake kuhusu hali ya vyumba vya habari nchini mwao. Hizo ripoti hazikipendelei chama chochote. Faida yake ni kwamba mkianza kubishana, mnabishana juu ya namba ile ile.

Kuna jambo la muundo pia. Kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, Mkuu wa chuo kikuu cha umma anateuliwa na Rais. Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2016 ni Rais mstaafu Jakaya Kikwete, aliyekuwa mwenyekiti wa CCM. Mwenyekiti wa Baraza la chuo naye ni uteuzi wa Rais. Simsemi vibaya mzee wetu. Nasema hivi: mhadhiri anayetaka kupima upendeleo wa vyombo vya habari kwa chama tawala, akiangalia ngazi ya juu yake, anaona nini?

Sasa makamanda, naomba mnivumilie, maana sehemu hii ni yetu sisi.

Mwaka 2010, REDET, mpango wa utafiti wa demokrasia wa pale pale Mlimani, walitoa kura ya maoni: Kikwete asilimia 71, Dk. Slaa asilimia 12. Upinzani ukawaka. Tukaambiwa wamenunuliwa. Matokeo rasmi yakampa Kikwete 61 na Dk. Slaa 26, na kweli kulikuwa na pengo kubwa lililohitaji maelezo. Lakini sisi hatukuomba maelezo. Hatukuuliza sampuli ilichukuliwaje, mijini au vijijini, waliohojiwa walikuwa na hofu kiasi gani. Tuliwatukana tu. Kisha mwaka 2018 Twaweza waliposema 55, tukawapigia makofi. Hapo napo hatukuuliza sampuli! Ukiukubali utafiti siku unapokufurahisha tu, na wewe unasaidia kuuua.

Nikwambie kilichokuwemo kwenye daftari langu, maana bado ninalo. Ndiyo, chama tawala kilipewa muda mrefu kuliko sisi, tena kwa mbali. Lakini kulikuwa na kitu kingine nilichoogopa kukisema hata kwa wenzangu: kwenye zile habari chache zetu, karibu zote tulikuwa tunalaani. Leo tunalaani hiki, kesho tunalaani kile. Bei ya mbolea tunataka iweje, zahanati ya kijiji tutaifanyaje, hakuna. Huenda mhariri alikata. Huenda hatukusema. Siku 14 hazitoshi kujua, na ndiyo maana nilitaka kuendelea. Nilizuiwa kupata jibu ambalo pengine lingekisaidia chama chetu kuliko mikutano kumi.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne.

Kwanza, sera yetu ya elimu itamke wazi kwamba mtafiti wa chuo hahitaji ruhusa ya mwanasiasa kuchagua mada wala kutoa matokeo. Kibali kiwe cha maadili ya utafiti, kitolewe na chuo chenyewe, basi.

Pili, kila chuo kikuu cha umma chenye shule ya habari kiwe na kituo cha utafiti chenye fungu lake kwenye bajeti, na matokeo ya uchunguzi wa vyombo vya habari wakati wa uchaguzi yatolewe kwa umma kila wiki, si baada ya mshindi kuapishwa.

Tatu, wakuu wa vyuo wapatikane kwa ushindani wa wazi, na wahadhiri wenyewe wawe na sauti.

Nne, na hili halisubiri kushika dola: vijana wetu wanaosoma mawasiliano waanze kuhesabu sasa hivi. Simu ipo, daftari lipo. Tuweke hadharani jinsi tulivyohesabu, hata mtu wa CCM akitaka kurudia arudie. Na tukikuta namba inatuumiza, tuitoe hivyo hivyo.

Yule kijana wa kikaoni aliketi chini ameona aibu. Baada ya kikao nilimfuata, nikamwambia swali lake lilikuwa zuri kuliko hotuba zote za siku ile. Kisha nikamwonyesha jinsi ya kuchora zile safu. Jumatatu anaanza.

Mwandishi ni mwanachama wa umoja wetu wa vijana. Maoni haya ni yake.