Umeme ulipokatika Ghana, kampuni ya meli ikapona

Kwenye malori yanayotoka Mombasa na Dar es Salaam kuja kwetu, makontena yaliyoandikwa Maersk si kitu kigeni. Lakini ni wachache wanaojua kwamba kampuni hii ya Denmark ilikaribia kupoteza mfumo wake wote wa kompyuta, na iliokolewa na kukatika kwa umeme. Ndiyo, ule ule ukosefu wa umeme tunaoulalamikia kila siku.

Tarehe 27 Juni 2017, virusi inayoitwa NotPetya iliingia kupitia programu ya uhasibu inayotumiwa Ukraine. Kompyuta zikazimika moja nyuma ya nyingine, dunia nzima. Bandarini malori yakapanga foleni, hakuna anayejua kontena gani ni la nani. Hasara: dola kati ya milioni 250 na 300.

Je, Maersk hawakuwa na kopi? Walikuwa nazo. Shida ilikuwa kwenye seva karibu 150, zile zinazojua nani ana ruhusa ya kuingia wapi. Hizo hazikuwa na kopi ya pembeni, juu zilikuwa zinanakiliana zenyewe: moja ikifa, zingine zipo. Hakuna aliyefikiria kwamba zote zinaweza kufa siku moja. Na bila hizo, kopi zingine ni kama duka limejaa mali lakini funguo zimepotea.

Ilipona moja tu, Ghana, sababu umeme ulikuwa umekatika kabla virusi haijafika. Intaneti ya pale ilikuwa polepole sana kutuma data yote, na wafanyakazi wa pale hawakuwa na viza ya Uingereza. Basi mmoja akabeba disiki hadi uwanja wa ndege Nigeria, akamkabidhi mwenzake, huyo akaifikisha Uingereza. Kwa siku kumi hivi wakaweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000.

Sasa tuje kwetu. Kwenye koperative ya akiba, shule ao hospitali, ukiuliza habari ya kopi wanakuonyesha fulashi yenye faili za Word na Excel. Ni vizuri, lakini haitoshi. Mashine ikiibiwa, nani ataweka tena Windows, programu ya akaunti za wanachama, leseni na neno la siri? Kuna kopi ya aina ingine: picha ya disiki nzima, na mfumo wake wote. Unachukua mashine tupu, unaiwasha kwa fulashi ya uokozi, unarudisha yote kama ilivyokuwa siku ile. Programu kama Clonezilla inafanya hivyo bure. Kinachonunuliwa ni disiki ya nje tu, na bei yake haifiki ya kompyuta mpya. Wakubwa wengi wa biro wanatoa pesa ya mashine, ya disiki hawatoi.

Hiyo disiki isibaki imechomekwa, virusi itaifikia. Isilale pia kwenye biro ile ile: Januari 2002 mawe ya moto ya Nyiragongo yalipita katikati ya Goma, na kabati ya biro haizuii kitu kama hicho. Zaidi sana, ijaribiwe kwenye mashine ingine, angalau mara moja kwa mwaka. Disiki ya kupokea isiwe ndogo kuliko ile ya zamani. Na siku ya kujaribu, betri iwe imejaa: umeme ukikatika katikati ya kurudisha, kazi inaanza upya.