Kasese haina chama cha kudumu

Kila uchaguzi unapomalizika, wachambuzi wa Kampala huipaka rangi ramani ya Uganda, njano kwa NRM na buluu kwa FDC, kisha hutangaza kwamba Kasese ni ngome ya huyu au ya yule. Maelezo hayo hayadumu zaidi ya miaka mitano. Chukua jimbo la Busongora Kusini, ambamo kimo kijiji chetu cha wavuvi na wafugaji, Hamukungu, kando ya Ziwa George. Mwaka 2006 jimbo hili lilimpeleka bungeni Christopher Kibanzanga wa FDC. Mwaka 2011 likamchagua Boaz Kafuda wa NRM. Mwaka 2016 likarudi FDC kwa Jackson Mbaju, na 2021 likaenda tena NRM kwa Gideon Thembo Mujungu.

Si kwamba wapiga kura hawa hawajui wanachotaka. Wanachotaka hakimo katika ilani ya chama chochote.

Ikumbukwe kuwa katika uchaguzi wa 1980, ambao Yoweri Museveni mwenyewe alishindwa ubunge, chama chake cha UPM kilipata kiti kimoja tu nchi nzima. Kiti hicho kilitoka Kasese, na aliyekipata ni Dk. Crispus Kiyonga. Baadaye akawa waziri wa miaka mingi. Mwaka 2016, akiwa Waziri wa Ulinzi, Bukonzo Magharibi ilimwangusha kwa kijana wa FDC, Atkins Katusabe. Mwaka huo FDC ilizoa viti vyote vya wilaya, pamoja na kile cha mwakilishi wa wanawake cha Winnie Kiiza.

Kwa watu wa mlimani, hesabu ya kwanza ni ufalme wa Rwenzururu. Vuguvugu lililoanzishwa na Isaya Mukirane mwaka 1962 lilikuwa halijatambuliwa na serikali wakati wa uchaguzi wa 2006, na Kibanzanga ni mtoto wa Mukirane. Kumchagua kwa tiketi ya upinzani kulikuwa kudai deni. Oktoba 2009 Charles Wesley Mumbere akatawazwa mbele ya Rais, na NRM ikavuna mwaka 2011. Lakini mashambulizi ya Julai 2014, kamatakamata iliyofuata na ubishi kuhusu kuigawa wilaya viliharibu yote. Kura za 2016 zilikuwa za hasira.

Kilichofuata kinajulikana. Novemba 26 na 27 mwaka huo, mapambano na shambulio la jeshi kwenye kasri ya mfalme mjini Kasese viliua watu zaidi ya 150 kwa hesabu ya Human Rights Watch, wakiwamo polisi 14. Mfalme alishtakiwa, na masharti ya dhamana yakamzuia kukanyaga nyumbani. Mashtaka hayakufutwa hadi 2023.

Sasa, NRM ilipopata nafuu mwaka 2021, wapo waliosema Kasese imesamehe. Mimi siamini. Bukonzo, Mashariki na Magharibi, ilibaki na FDC. Na watu ambao mfalme wao amezuiliwa mbali wanayo sababu ya kumsogelea mwenye ufunguo, hata kama mkono wake hawaupendi.

Huku bondeni hesabu ni nyingine kabisa. Sisi Wasongora ni wachache. Wengi wetu tulirudi kutoka Kongo mwaka 2006, tulipofukuzwa na ng'ombe wetu katika hifadhi ya Virunga (darasani mwangu wanafunzi bado hucheka Kiswahili changu cha ng'ambo), tukaingia hifadhi ya Queen Elizabeth, na mwaka uliofuata serikali ikaanza kutugawia sisi na wakulima sehemu za mashamba yake. Jirani wa mlimani aliona ardhi yake inatolewa; sisi tuliona tumepewa kidogo. Mwenye kugawa ardhi ni serikali, basi mchache huchagua serikali. Sioni mapenzi ya chama hapo.

Hata hivyo serikali hiyo hiyo ndiyo yenye hifadhi. Aprili 2018 simba 11, wanane wakiwa watoto, walikutwa wamekufa karibu na Hamukungu, na sumu ikashukiwa. Dunia nzima iliwalilia simba. Ng'ombe walioliwa kabla ya hapo hawakuwa na gazeti. Sheria ya wanyamapori ya 2019 imeweka fidia, na hilo ni jambo jema, ila sikumbuki mgombea aliyesimama hapa kueleza jinsi ya kuidai.

Hoja ya kugawa wilaya nayo inatutenga vivyo hivyo: kwetu ni nafasi ya kusikika, kwa mlimani ni kukatwa mwili wa ufalme. Jimbo ni moja, kwa hiyo mgombea akiwa mlimani huongea habari za mfalme, akishuka ziwani huongea habari za malisho na nyavu. Hatujamtaka bado aseme yote mawili mbele ya watu wale wale.