Vituo vya data: serikali iseme vijengwe wapi, kabla wenye pesa hawajaamua

Laini ya umeme ya Inga–Kolwezi ilikamilika mwaka 1982. Ina urefu wa kilometa karibu 1,700, na ilijengwa kwa kazi moja: kupeleka umeme wa mto Kongo kwenye migodi ya Katanga. Waya zilipita juu ya vijiji vya Bandundu na Kasai, na vijiji vikabaki gizani. Zaidi ya miaka 40 baadaye, wakaaji wengi wanaoishi karibu na nguzo hizo wangali wanatumia tochi na taa ya petroli.

Leo mteja mwingine mkubwa wa umeme anabisha hodi. Ni vituo vya data, yaani majengo yaliyojaa mashine zinazotunza akaunti za benki, pesa za simu, picha na barua za watu, na zinazoendesha programu za akili bandia. Mashine hizo hazilali. Zinakula umeme usiku na mchana, na zinahitaji umeme mwingine wa kuzipoza.

Kinshasa tayari ina vituo vya kibinafsi, kama kile cha Raxio kilichoko Limete na kile cha OADC Texaf. Hilo ni jambo jema. Sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inataka data ya raia ilindwe, na ni vigumu kuilinda ikiwa yote inalala Ulaya. Ila swali la mahali vituo vinapojengwa halipaswi kuachiwa wawekezaji peke yao.

Nchi nyingine zimejifunza kwa kuchelewa. Nchini Ireland, vituo vya data vilikula asilimia 21 ya umeme wote uliopimwa kwenye mita mwaka 2023, kupita nyumba zote za mijini zikiwekwa pamoja. Dublin ililemewa, na shirika la gridi likafunga mlango kwa maombi mapya ya mji huo. Uholanzi ilisimamisha ujenzi wa vituo vikubwa kabisa mwaka 2022, kisha ikaviruhusu kwenye maeneo mawili tu ya kaskazini. Singapore nayo ilisimamisha vituo vipya tangu 2019 hadi 2022. Hizo ni nchi ambamo kila nyumba ina umeme. Kongo, mtu mmoja tu kati ya watano ndiye anayeupata.

Wanaopenda Kinshasa wana hoja yao: mabenki, wizara na kampuni za simu ziko pale. Ni kweli, na vituo vidogo vya kuwahudumia vinafaa kukaa karibu nao. Lakini kituo kikubwa cha kuhudumia dunia nzima hakina sababu ya kugombania umeme na kartie zinazokatiwa kila siku na delestaje ya SNEL. Katanga pia si jibu rahisi, kwani migodi yenyewe inaagiza umeme kutoka Zambia.

Kinachobaki ni kuvipeleka karibu na maporomoko ya maji. Mfano upo Kivu ya Kaskazini: tangu 2020, hifadhi ya Virunga inaendesha mashine za bitcoin kando ya mtambo wake wa Luviro, zikinunua umeme ambao bado hauna mteja. Pesa inaingia wakati laini za kwenda vijijini hazijafika. Mpango kama huo una faida, mradi mashine zikubali kupisha siku raia watakapounganishwa. Bila sharti hilo lililoandikwa, mteja wa muda atageuka mwenye nyumba.

Ndiyo maana sheria inapaswa kuja kwanza. Kituo cha data kikishajengwa kinaajiri watu wachache sana. Kijiji jirani hakitapata kazi nyingi pale. Kinachoweza kupata ni umeme. Basi kila kibali kikubwa kimlazimishe mwekezaji ajenge kabini na laini za majirani kabla ya kuwasha mashine zake. Kiasi cha megawati alizopewa na bei anayolipa vitangazwe hadharani, tofauti na mikataba mingi ya migodi iliyofichwa kwa miaka.

Wakati ni huu. Mwezi Juni 2025, Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 250 za kuanza kutayarisha Inga 3. Megawati zake bado hazijatoka majini, na wanaozitaka ni wengi: migodi, nchi jirani, na kesho kampuni za akili bandia. Bunge lina nafasi ya kuandika sasa nani anahudumiwa kwanza. Likinyamaza, waya za Inga zitapita tena juu ya vichwa vya wanakijiji, safari hii kwenda kwenye mashine za watu wa mbali.