Deni la Waliozama

BAADA YA TAA KUZIMWA
Na Mwanaisha Kombo

Katika filamu nyingi za mapenzi na mizuka nilizoona, mfu hurudi kumfuata mpenzi wake. Katika Atlantique, filamu ya Mati Diop ya mwaka 2019, wafu wanarudi kudai mshahara.

Ni vijana wa Dakar, mafundi wa ujenzi. Wamejenga ghorofa refu la kifahari, miezi inapita hawajalipwa, mwishowe wanapanda mtumbwi usiku kuelekea Hispania. Bahari inawameza. Baadaye roho zao zinawapanda wasichana waliowaacha. Jua likizama tu, wasichana wanatoka majumbani, macho meupe pe, na tajiri mwenye jengo anawakuta wamekaa sebuleni kwake. Hawamng'ati wala hawamnyongi. Wanataka pesa yao, yote.

Sijaona matumizi bora ya uchawi katika sinema kuliko haya. Kila anayetazama anajua hesabu ile: saruji imebebwa, ukuta umesimama, mwenye jengo hapokei simu. Diop hahitaji kutushawishi kwamba mzuka upo. Dhuluma yenyewe inatosha kuwainua wafu. Na wasichana wanapompeleka tajiri makaburini, wakamlazimisha kuchimba makaburi ya watu ambao miili yao iko chini ya bahari, nilisahau kabisa kwamba natazama hadithi ya kubuni.

Mapenzi yenyewe ndiyo yanayonitatiza. Ada ameposwa na Omar, kijana mwenye fedha, lakini moyo wake uko kwa Souleiman, mmoja wa mafundi wale. Souleiman tunamwona kidogo mno kabla hajaondoka. Ni mzuri, ana huzuni, macho yake yako baharini hata Ada akiwa kando yake. Basi. Wanazungumza nini wakiwa wawili? Wanachekeshwa na nini? Hatuambiwi, ila tunatakiwa kuamini kwamba penzi lao limeshinda kifo. Omar naye ni pesa iliyovaa nguo. Ukimfanya mposaji kuwa mtupu hivyo, uamuzi wa Ada hauna uzito.

Halafu kuna Issa, mpelelezi anayechunguza moto uliounguza kitanda cha maharusi, Ada na Omar. Upelelezi wake unavuta miguu, maana mtazamaji ameshamtangulia. Anapojiona mwenyewe kwenye video ya harusi, filamu inaamka tena: kumbe Souleiman amekuwa akiutumia mwili wake. Kwa mwili huo huo Souleiman analala na Ada. Issa hakuulizwa. Filamu iliyotetea kwa nguvu hivyo haki ya mtu juu ya jasho lake ilipaswa kusimama hapo walau kidogo, ijiulize kuhusu haki ya mtu juu ya mwili wake. Inapita kana kwamba mapenzi yanahalalisha kila kitu.

Diop alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza ambaye filamu yake ilishindania Palme d'Or kule Cannes, akaondoka na Grand Prix, tuzo ya pili kwa ukubwa. Alistahili. Mimi ningempa kwa ajili ya ile sebule ya tajiri na yale makaburi, si kwa ajili ya Ada na Souleiman. Itazameni kwa Kiwolofu chake, mkisoma maandishi chini. Msikubali iliyotiwa sauti za lugha nyingine.