Majina ya mitaa ya Ukunda yasipotee

Mji hujengwa kwa mawe na saruji, lakini hujulikana kwa majina. Ukunda, mji wenye wakazi wengi zaidi katika Kaunti ya Kwale, ni mfano mzuri wa jambo hili. Katika miongo michache iliyopita minazi mingi imeangushwa na mahali pake pakasimama nyumba za kupangisha, maduka ya vifaa vya ujenzi, benki na shule za watu binafsi. Bodaboda na tuktuk zimejaa penye njia panda iendayo Diani. Barabara ya Dongo Kundu nayo imewawezesha wasafiri watokao bara kufika Pwani ya Kusini bila kungoja feri ya Likoni. Mwenye macho haambiwi tazama. Mji umebadilika, na mengi ya mabadiliko hayo yamewanufaisha wakazi.

Hata hivyo, kuna badiliko jingine ambalo halionekani upesi. Majina ya asili ya mitaa na vitongoji yanaanza kutoweka katika ndimi za vijana, na nafasi yake inatwaliwa na majina ya mabango. Kijana akiulizwa anakoishi hutaja jumba la ghorofa, kituo cha mafuta au hoteli iliyo karibu, na aghalabu jina hilo ni la Kiingereza. Wauzaji wa viwanja nao wamezidisha tatizo. Kiwanja kilicho mbali na ufuo hunadiwa kwa jina la Diani, kwa kuwa jina hilo lina bei. Bongwe na Mvindeni hufichwa, kana kwamba ni aibu kuishi huko.

Wapo watakaouliza: je, jina lina uzito gani? Mwanafunzi wa isimu atajibu kwamba jina la mahali ni tungo yenye sarufi na historia yake. Tuchukue Maweni. Hapo pana nomino "mawe" na kiambishi cha mahali "-ni". Aliyelitoa jina aliitazama ardhi na kuieleza. Mwabungo na Mwakigwena huanza kwa "Mwa-", kiambishi kinachofungua majina mengi ya watu na koo miongoni mwa Wamijikenda. Dongo Kundu nalo limehifadhi umbo ambalo Kiswahili sanifu kingelisahihisha kuwa "dongo jekundu". Na tusidhani kwamba majina ya kienyeji ni ya zamani tu. Kona ya Musa ina neno lililotoholewa kutoka Kiingereza, lakini wakazi waliliunganisha na jina la mtu kwa sarufi yao wenyewe, na abiria wote wa matatu wakalielewa.

Ni kweli kwamba majina hubadilika tangu jadi, na hakuna mwanaisimu atakayedai yagandishwe. Lakini liko tofauti jina linalobadilishwa na ndimi za wakazi wenyewe na jina linalofutwa na bango la mfanyabiashara. Isitoshe, katika Pwani yetu jina la mahali limefungamana na haki. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai wayawasilishe mbele ya serikali ya kikoloni. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Wadigo wengi, ambao ardhi yao ilimilikiwa na ukoo pasi na maandishi, hatimaye waliitwa maskwota katika mashamba ya babu zao. Pasipokuwa na karatasi, ushahidi uliobaki ni kaburi, mbuyu na jina. Jina likifutwa, mzee anayesimulia lilikokuwa shamba la ukoo wake huonekana kama anayezungumzia mahali pasipokuwepo.

Hapa inafaa tahadhari. Ghasia zilizozuka Likoni mwezi wa Agosti 1997 na kuenea Kwale zilitufunza jinsi suala la wenyeji na wageni linavyoweza kugeuzwa silaha. Kuhifadhi majina kusiwe njia ya kumfukuza jirani aliyetoka bara. Kinyume chake, mgeni anayejua kwamba anaishi Mwakigwena, na kwa nini paliitwa hivyo, amekwisha kukaribishwa katika historia ya mji.

Basi tufanyeje? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti kazi ya mipango, ikiwa ni pamoja na upimaji wa ardhi na uchoraji wa ramani. Serikali ya Kaunti ya Kwale iyaandike majina ya asili katika ramani na vibao vya barabara, na jina la mtaa litajwe kila mradi mpya wa nyumba unapoidhinishwa. Msitu wa Kaya Kinondo, ulio jirani tu na Ukunda, ni miongoni mwa makaya yaliyoingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2008. Majina ya mitaa hayahitaji kufika huko. Yatosha yaandikwe nyumbani.

Walimu wasiingoje serikali. Wanafunzi watumwe kwa wazee wakaulize: hapa paliitwaje, ni nani aliyepaita hivyo, na kwa nini? Jina liandikwe jinsi mzee anavyolitamka, bila kulisahihisha ili lifanane na Kiswahili cha vitabuni. Kamusi ya Kidigo ipo, na itasaidia katika tahajia. Wazee wawili wakitofautiana, masimulizi yote mawili yaandikwe. Daftari moja katika kila shule, kuanzia Ukunda hadi Msambweni mjini, litakuwa hazina ambayo hata chuo kikuu kitaionea wivu.

Wazee wenye kuyajua majina haya hawatakuwa nasi daima. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Majina yetu ni mali. Yaliyokosekana ni daftari tu.