Siku Moja Berlin, Mimi na Mmwera Wangu

Mwezi huu naomba tuweke pembeni kidogo habari za mawifi na michango ya harusi, nikupeleke Ulaya. Usiogope, nauli nalipa mimi.

Mume wangu alikuwa na semina ya kikazi Ujerumani. Nikaomba likizo, tukavunja kibubu, nikamfuata. Siku pekee tuliyokuwa huru kuitembea Berlin ilikuwa Jumamosi. Koti nililovaa nililinunua kwetu Kiboriloni, pale sokoni kwa wauza mitumba, kwa hiyo kati yetu watatu ni koti tu lililokuwa linarudi kwao.

Mlio kwenye ndoa mnajua safari inavyoweza kuwagombanisha watu. Huyu anataka maduka, yule makumbusho, usiku mnalala mmepeana migongo. Sisi tukakubaliana: asubuhi twende panapoendwa na kila mtu, halafu kila mmoja achague sehemu yake, na mwenzake haruhusiwi kununa.

Lango la Brandenburg lilituchukua nusu saa. Ni zuri, lina zaidi ya miaka 200, na watu walijaa utadhani stendi ya Moshi wiki ya Krismasi. Tukapiga picha, basi. Ukitoka pale unatembea kidogo hadi kituo cha Unter den Linden, unashuka chini kwenye treni ya U6. Shika namba hiyo, maana ndiyo iliyotubeba siku nzima.

Mume wangu, Mmwera wa Lindi, alichagua Makumbusho ya Elimu Viumbe. Ukiingia tu ukumbini unakutana na mifupa ya dinosaria imesimamishwa, kwenda juu ni zaidi ya mita 13. Imetoka Tendaguru, Lindi hiyo hiyo, ilikochimbwa kati ya 1909 na 1913. Fikiria, Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeisha 1907, watu wametoka kwenye njaa, halafu wanachimba mifupa ya Mjerumani chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, na kuibeba kwa miguu siku kadhaa hadi bandarini Lindi. Mzigo wote ulizidi tani 200.

Huyu bwana anayeweza kuongelea Yanga kutwa nzima alinyamaza kabisa. Baadaye ndiyo akasema, "Manka, huyu ni wa kwetu, na mimi nimelipa kiingilio kumwona." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ikafika zamu yangu, na hapo ndipo palikuwa pagumu. Pale Kiboriloni ndipo unapokata kupanda Old Moshi, na huko juu, Tsudi, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli Machi 2, 1900, pamoja na viongozi wenzake. Wazee wetu wanasema kichwa kilikatwa kikaletwa Ujerumani. Mjukuu wake, Mzee Isaria Meli, alikidai miaka mingi, na 2018 akatoa sampuli ya DNA. Septemba 2023 wataalamu wa makumbusho za Berlin, baada ya kuchunguza mafuvu zaidi ya 1,000 kutoka Afrika Mashariki, walitangaza kwamba wamepata ndugu walio hai wa mtu aliyekuwa mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe, hapana.

Sasa nichague wapi? Mwenzangu ana mita 13 za kwao, zimewashiwa na taa. Mimi sikuwa hata na pa kuweka jani la sale.

Tukarudi kwenye U6, tukaenda kaskazini hadi kituo cha Afrikanische Straße. Huko mitaa ina majina ya Tanga, Usambara, Zanzibar. Mmoja wao ulipewa jina la Carl Peters mwaka 1939, yule yule Mkono wa Damu. Agosti 2024 jina la Peters liliondolewa. Kipande kimoja cha barabara kikapewa jina la Anna Mungunda wa Namibia, na kingine kinaitwa Maji-Maji-Allee.

Ukifika hutaona cha ajabu. Miti, baiskeli, mama anasukuma mtoto kwenye kigari. Tulisimama chini ya kibao tukakitazama. Wamwera walipigana vita ile, kwa hiyo nikamwambia mume wangu, "Naona hata chaguo langu limekuwa lako."

"Basi nitakulipa," akasema. "Machi 2 tunapanda Tsudi."

Nikamtazama vizuri. Huyu ni mtu aliyekuja Kiboriloni Krismasi saba mfululizo, na kila nikimwambia tupande juu anasema magoti, huku mbege ya mjomba anaifuata bila kulalamika! Nikamuuliza Tendaguru yeye amefika lini. Kimya. Kumbe hajawahi, na kutoka Lindi mjini ni kama kilomita 60 tu.

Tukanunua mkate wa nyama kwa Mturuki, tukakaa kwenye benchi kupiga hesabu. Moshi hadi Lindi kwa basi ni siku mbili ukilala Dar. Yeye likizo ya Machi ameshapewa. Mimi bado nambembeleza bosi.