Tutafute Chanzo cha Kosa Kabla ya Kutoa Adhabu

Masika iliyopita, gari moja kuukuu la mizigo, pikapu yenye kabureta, lilitusumbua hapa Ipyana. Liliposimama injini ikiwaka, lilitetemeka. Lilipokanyagwa mafuta halikuchanganya, na katika mpando wa kwenda Tukuyu lilitoa mlio wa kutatarika. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi zote, kisha akaifungua kabureta na kuisafisha. Fedha zilitoka, ugonjwa ukabaki.

Fundi wa pili hakushika spana. Aliuliza: limeanza lini, na husumbua zaidi wakati gani? Tukamjibu kuwa ni asubuhi za mvua. Akangoja giza liingie, akafungua boneti injini ikiwaka. Sote tuliona cheche zikiruka kutoka waya mmoja wa plagi hadi kwenye chuma cha injini. Waya ulikuwa umepasuka, na unyevu ulizidisha kuvuja kwa umeme. Silinda moja kati ya nne haikuunguza mafuta yake sawasawa. Mtetemo, unyonge na mlio vyote vilitoka hapo. Ulibadilishwa waya mmoja tu.

Ndugu mwanachuo, kisa hiki kinatuhusu sisi walimu. Mwanafunzi anapoandika kwamba 52 kutoa 17 ni 45, wengi wetu humpa maswali ishirini zaidi, au kiboko. Huko ni kubadilisha plagi ambazo ni nzima. Mwambie akokotoe kwa sauti, nawe usikilize. Atasema: "Saba kutoa mbili ni tano." Hapo utagundua kwamba hajaelewa kukopa kutoka makumi, hutoa tarakimu ndogo katika kubwa, popote ilipo. Mpe vijiti vilivyofungwa kumikumi, afungue fungu moja mwenyewe. Kisha mpe swali jingine la aina ileile, uone kama chanzo kimeondoka.

Nilipoanza kazi, nilimwita mtoto mmoja mzembe kwa kosa kama hilo, tena mbele ya wenzake. Tangu siku hiyo hakunyosha mkono tena darasani kwangu. Gari lililokosewa hutengenezwa upya. Mtoto yule sikupata nafasi ya kumrudia.

Darasa la watoto wengi litakubana, nami nalijua hilo. Hata hivyo, makosa yanayofanana hutoka mara nyingi kwenye chanzo kimoja. Unaposahihisha madaftari, yakusanye kwa aina, uwaite wenye kosa moja pamoja. Basi, mwendapo katika mazoezi ya kufundisha, ulizeni na kusikiliza kwanza.